Chupa ya Shangazi Kalunde

Kabula mwanangu,

Umetoka kwenda Mirongo kumuaga mama yako wa ubatizo, na mimi nimebaki na nyumba ambayo leo haina mahali pa kukaa. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu baba yako, nikainuka. Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, nikainuka. Nimefungua begi lako nikakunja upya nguo ambazo ulikwisha kuzikunja vizuri kuliko mimi. Mwisho nimeona bora niandike, maana mkono ukishika kalamu angalau hauvurugi kitu kingine.

Sitakuandikia habari za kufua, wala kusali, wala wavulana. Hayo umeyasikia tangu tulipoona jina lako limepangwa kidato cha tano kule Morogoro, mpaka ukawa unayamalizia mwenyewe kabla sijafika katikati. Nakuandikia kwa sababu ya chakula cha mchana cha leo. Nimekukasirikia, Kabula. Nalisema mapema usije ukadhani nakupaka mafuta kwa kuwa kesho unaondoka. Naanza kuandika nikiwa na hasira, na nitakavyomaliza sijui.

Umekataa chakula cha shangazi yako mbele ya majirani, siku yako ya kuagwa. Nikakuambia ule, ukaniambia hapana. Tangu nikuzae hujawahi kunijibu hivyo watu wakiwepo, hata pale ulipokuwa na kila sababu. Na sababu ulikuwa nazo tangu utotoni. Acha nianzie huko, pengine nikizunguka nitapata njia ya kufika.

Ulikuwa ukimaliza tu kula, tumbo linajaa hewa na kukaza, nawe unajikunja kwenye mkeka bila kulia. Ungelia pengine ningeelewa mapema. Mimi nilisema unadeka. Nilikukalisha mbele ya sahani mpaka iishe, nikakukataza kuinuka. Ujue nilikuwa tayari napika pale Mwaloni, Kirumba, wavuvi na wabeba mizigo wanasimama kwenye banda langu wakisubiri mchuzi wa sato, wengine wanapita mabanda mengine yote ili wafike kwangu. Halafu narudi nyumbani, mwanangu mwenyewe anasukuma sahani yangu pembeni. Iliniuma, na maumivu yale nikayageuza kuwa ukali.

Majirani wakasema ni chango, nikakunywesha mizizi michungu mpaka ukatapika. Wengine wakasema minyoo, ukanywa dawa ya minyoo. Bibi yako akasema kuna mtu ana jicho baya na wewe, hilo nililikataa kwa mdomo lakini usiku nililiwaza. Na baada ya kila dawa nilikupa bakuli la mchuzi mzito ili urudishe nguvu. Kumbe mchuzi ndio uliokuwa unakuumiza. Nikifika hapo kwenye mawazo ni lazima niinuke. Nimeinuka sasa hivi, nimekwenda kutazama kama maji yamechemka, na sikuwa nimebandika maji yoyote.

Aliyetutoa kwenye shida hiyo ni yule sista wa zahanati. Hakukupa kidonge. Aliniambia, "Mama Kabula, acha kumpa dawa. Ondoa kitu kimoja kwenye chakula chake, ukae hivyo siku kadhaa, umtazame. Usipoona nafuu, kirudishe uondoe kingine." Nilitoka pale nimenuna, kwa sababu nilikwenda kutafuta sindano nikapewa kazi ya jikoni.

Nikaanza na dagaa. Nikaondoa pilipili, nikaondoa maziwa. Kitunguu nilikiacha mpaka mwisho kabisa, na hapo ndipo utakapomjua mama yako. Mtu wa kazi yangu anaita wateja kwa harufu ya kitunguu kinachoiva kwenye mafuta. Asubuhi pale Mwaloni hakuna anayejua umefika kazini mpaka kitunguu kianze kulia kwenye sufuria. Kukituhumu ilikuwa kama kujituhumu mwenyewe. Nilikuacha uumwe muda mrefu zaidi kuliko ilivyohitajika kwa sababu sikutaka mkosaji awe kitunguu.

Nilipokiondoa, pamoja na kitunguu saumu, ulilala usiku mzima. Asubuhi ukaomba uji wa pili. Baadaye tukagundua maharage nayo ni mkosaji yule yule, tofauti ni kwamba maumivu yake yanachelewa kidogo. Nikanunua sufuria yako ndogo, nikawa napika mara mbili. Nikajifunza kupika kwa nyanya, tangawizi, ndimu na majani ya kitunguu, yale ya kijani, ambayo hayakukusumbua hata siku moja wakati kichwa chake kinakuua. Kwa nini iwe hivyo, sista mwenyewe hakujua.

Basi tukawa na amani, na amani hiyo ikavurugwa na maduka.

Wewe hukumbuki wakati wa kupanga foleni ya sabuni. Ulikuwa mgongoni kwangu. Tulikuwa tunasimama nje ya duka la ushirika hatujui hata kinachouzwa ndani, tunajua tu kwamba kuna kitu. Kwa hiyo ruksa ya kuingiza bidhaa ilipokuja, mizigo ikaanza kushuka kutoka Kenya na Uarabuni na kwingine nisikokujua, sisi watu wazima tukawa watoto. Nyanya za kopo. Unga wa mchuzi kwenye paketi yenye picha ya kuku. Sosi za chupa, nyekundu, kahawia, tamu, kali. Shangazi yako alikuwa akimaliza chupa anaiosha na kuipanga kabatini, picha ikitazama mlango, ili mgeni ajue nyumba hii inakula nini. Usimcheke. Na mimi nilikuwa nayo moja, niliificha ulipoanza kuwa mkubwa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitunguu kinaweza kukaa mahali ambapo hakionekani wala kunukia. Ulikuja na Kiingereza chako cha shule ukaanza kunisomea karatasi za paketi. Tulikuwa tunasimama kwenye duka la Baba Neema, wewe umeshika kopo karibu na dirisha, yeye anatutazama kama watu waliokuja kukagua leseni. Siku moja alituambia hapa si maktaba. Ukamwamkia shikamoo ukaendelea kusoma. Ulinionyesha neno la kitunguu kwa Kiingereza mpaka nikalijua kwa sura, lile linaloanza na duara na kuwa na duara jingine karibu na mwisho. La kitunguu saumu nalo nikalijua. Na ukanifundisha kuogopa pale walipoandika viungo tu bila kutaja ni viungo gani. Ulisema, "Mama, hapo wanaficha." Tukawa tunalirudisha kopo kwenye rafu ya juu.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikukuambia. Unakumbuka mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, siku ya hesabu, ulipotolewa nje ya chumba umejikunja mwalimu akidhani ni malaria? Mpaka leo unaamini ulikula kitu shuleni. Hukula kitu shuleni. Ulikula kwangu.

Tulikuwa tumekwisha kuichunguza nyanya ya kopo jekundu, wewe na mimi, tukaona ni nyanya na chumvi. Nikafurahi, nikawa nainunua. Lakini unajua tunavyonunua sisi, kwa kupima. Baba Neema anafungua kopo kubwa, anakuchotea kijiko kwenye kifuko cha nailoni, unakwenda zako. Karatasi inabaki dukani pamoja na kopo. Nilinunua hivyo juma kwa juma bila hata kuinua macho, maana kopo lilikuwa lile lile jekundu kwenye rafu ile ile. Siku ile uliporudishwa nyumbani nilikimbia dukani. Kopo lilikuwa jekundu, ndiyo, lakini la kampuni nyingine, na yale maduara yangu mawili yalikuwepo, yamekaa yananitazama. Nilimuuliza amebadilisha lini. Akasema, mama, sasa hivi kila gari la mzigo linaleta jina lake, nani anaweza kukumbuka.

Sikumlaumu. Majuma yote yale mimi sikuuliza, yeye hakusema. Nilirudi nikakukanda tumbo kwa kitambaa cha moto, ukaniomba msamaha kwa kula ovyo shuleni, nami nikakusamehe. Nikakusamehe, Kabula. Hilo ndilo limekuwa likinikaa kooni tangu siku ile, na sasa unalo.

Haya, turudi kwa shangazi. Kabla ya kufika mezani lazima nikukumbushe yeye ni nani kwangu, kwa sababu wewe unamjua kama mwanamke mwenye sauti kubwa na chupa kabatini. Baba yako alipofariki, ndugu walikuja kugawana vyombo matanga hayajaisha. Kalunde, dada yao wa tumbo moja, alisimama kwenye mlango huu hapa ninaouona nikiandika. Aliwaambia atakayebeba hata kijiko amvuke yeye kwanza. Hakuna aliyemvuka. Tangu hapo mimi sikuwahi kumkatalia kitu. Akipika tunakula. Ndiyo maana kila tulipokwenda kwake nilikukanyaga mguu chini ya meza na kukunong'oneza ule kidogo, usinitie aibu. Ulikula, tukarudi, ukaumwa usiku, asubuhi ukaenda shule. Nilijua. Nilikuwa nachagua kati ya tumbo lako na uso wangu, na nilikuwa nachagua uso.

Leo amekuja na chupa. Amekwenda mwenyewe mjini kuitafuta, ina picha ya nyanya na pilipili, kifuniko cha dhahabu. Sato nilikuwa nimewachoma vizuri kwa chumvi na ndimu, nilikuwa nimeshawapanga kwenye sinia. Akaimwaga yote juu yao, majirani wakiangalia, akasema mtoto wa kaka yake hawezi kuondoka Mwanza na samaki mkavu. Wote wakapiga makofi. Mimi nilipiga makofi pia.

Ukaichukua ile chupa. Nilijua unataka kufanya nini. Ukaigeuza, ukaisoma kwa sauti, neno kwa neno, ukitafsiri kwa Kiswahili kama unasomea darasa. Nyanya. Maji. Sukari. Siki. Kitunguu cha unga. Kitunguu saumu. Ukaiweka mezani taratibu, ukasema, "Shangazi, asante sana. Chupa hii ina kitunguu, nami kitunguu kinaniumiza. Sitaweza kula."

Unajua kwetu mtu anayechunguza chakula mbele ya aliyekileta anasema nini bila kusema. Unajua pia maneno ya uchawi yanavyowapata wanawake wazee huku kwetu, wajane, wenye macho mekundu kwa moshi wa miaka. Kalunde ana vyote hivyo. Majirani wakaacha kutafuna. Ndipo nikasema yale yale niliyosema miaka yote, safari hii kwa sauti: "Kula kidogo tu, mwanangu. Kidogo hakina neno."

Ukasema, "Hapana, mama. Kesho nitakuwa kwenye behewa."

Ukavuta bakuli la ugali, ukala kwa chumvi na ndimu. Hukununa. Ukawaambia wengine wakaribie samaki, ukampakulia mama jirani kipande cha mgongo. Shangazi akanyanyuka kabla ya soda. Mlangoni akasema, si kwako wala kwangu, kwa ule mlango aliousimamia zamani, "Wamesoma sasa. Sisi tumekuwa wa kuwatilia sumu." Akajifunga kanga vizuri, akaondoka.

Hasira yangu ilianzia hapo, na ilikuwa kubwa. Nilisugua masufuria mpaka majivu yakaisha. Niliwaza, ameniondolea mtu wa pekee niliyekuwa naye katika ukoo ule. Niliwaza, ana akili kiasi hicho, ameshindwaje kumega tonge moja kwa heshima. Wewe ukaja nyuma yangu ukauliza kama nina la kukuambia. Nikasema sina. Ukaenda Mirongo.

Nimeandika mpaka hapa, nikaweka kalamu, nikatoka nje. Nimezunguka yale mawe nyuma ya nyumba, yale tuliyokuwa tunaanikia dagaa ukiwa mdogo. Huko nimekumbuka kitu ambacho hasira ilikifunika. Mama jirani, alipokuwa anaaga, aliichukua ile chupa tupu akaitazama, akasema kumbe vitunguu vya siku hizi vinakaa hata chupani. Hakusema neno juu ya Kalunde. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanazungumza juu ya chupa.

Kwa hiyo ulisoma kwa sauti makusudi. Ungeisoma kimya kimya na kusukuma sahani, lawama ingemwangukia aliyeleta. Ulipoisoma kwa sauti, ukataja kinachokuumiza na mahali kilipoandikwa, lawama ikabaki kwenye karatasi. Kwa miaka yote nilidhani kuna njia mbili tu, ule uumwe au ukatae umuaibishe mtu. Wewe ulikuwa na ya tatu, na mimi nilikuwa nakukanyaga mguu.

Ninachohofia sasa si ukosefu wa adabu. Ninahofia nimekufundisha adabu kupita kiasi. Huko uendako ni maharage kila jioni, na pipa la mchuzi linalopikiwa wasichana wote kwa mara moja. Hakuna sufuria ndogo. Matroni hakujui. Wenzako watakuita mwenye maringo, na kuna siku utachoka kueleza, utasema bora nile niumwe kuliko kueleza tena. Siku hiyo ndiyo inayonifanya niinuke kwenye kila kiti. Nimefikiria kumwandikia matroni, nikaacha, maana mimi nikiandika atasoma mara moja na kuweka kando. Wewe atakuona kila siku. Mwambie siku ya kwanza, kabla hujaumwa, akiwa na nafasi ya kukusikiliza. Omba akutolee sehemu yako kabla vitunguu havijaingia, au akuruhusu ugali na mboga za chumvi. Akikataa, mwombe tena kesho yake kwa sauti ile ile. Na kopo au paketi yoyote, hata ile tuliyoizoea, itazame upya kila unaponunua. Wanabadilisha. Hilo nimelilipia, au tuseme wewe ndiye uliyelilipia.

Na mtu yeyote akikuambia kidogo hakina neno, hata akiwa ni mtu anayekupenda, mjibu kama ulivyonijibu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo. Lakini sasa hivi, jua likiwa linashuka upande wa ziwa, nimesikia kikohozi mlango wa nyuma. Kalunde. Hakutaka kuingia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akiangalia kuku. Nikadhani amekuja kusema yaliyobaki, na nilikuwa nimejiandaa, mara hii nilikuwa nimeamua kusimama upande wako hata kama ingekuwa mwisho wetu.

Akanipa kifurushi cha gazeti, bado kina joto. Sangara wa kubanika, wa safari.

Akasema, "Nimeweka chumvi tu. Mikono nilinawa kwanza, nilikuwa nimeshika vitunguu." Kisha akachokonoa ardhi kwa kidole cha mguu, akaniuliza, "Chumvi anakula?"

Nikamwambia anakula. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi vizuri, akaenda. Sikuweza hata kumsindikiza. Nimesimama na samaki yule kifuani nalia kama mtu aliyefiwa, na sijafiwa, nimefurahi mno.

Nimemfunga vizuri, yuko juu ya nguo zako ili asipondwe. Hasira sijui imekwenda wapi. Nimeitafuta ili nimalizie barua kama nilivyoianza, sijaiona.

Nakusikia unaongea na mtu pale njiani, unacheka. Utaingia unikute napuliza moto ambao haujazima. Barua hii utaikuta Morogoro, ndani ya kiatu. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakiwezi kusubiri Morogoro. Nilimjibu Kalunde haraka kwamba chumvi unakula, halafu nikashtuka. Katika miaka yote hii yeye ndiye mtu wa kwanza kuuliza. Mimi niliondoa, nikarudisha, nikapima, nikakutazama, na hata siku moja sikukuuliza unapenda kula nini. Ingia tu. Nitakuuliza usiku huu.

Mama yako